Mashine Haikaribishwi Ndani

Kwanza toeni hiyo jenereta nje. Mkishaitoa na kufungua madirisha, ndipo tuzungumze.

Nasema hivi kwa sababu juzi nilipita kwa kinyozi hapa chini mtaani. Stima ilikuwa imepotea na mvua inanyesha. Nikasikia mlio ndani ya kibanda. Vijana watano wamebanana humo, mlango umefungwa, jenereta iko pembeni nyuma ya pazia. Nikagonga kwa fimbo. Kinyozi akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, akaniambia kwa heshima, kama anayemwita bibi yake, "Dani, akina mama ni Jumamosi."

Nikamwambia, "Mimi sikuja kunyolewa. Nimekuja kuona kama mngali hai."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikakaa mlangoni kwenye mvua mpaka wakaitoa. Ndipo yule kinyozi akaniuliza, "Lakini Dani, wewe na jenereta mnajuana wapi?"

Ndiyo maana naandika. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe. Lakini kuhusu jenereta sitasahihishwa na mtu. Niliifanyia kazi tangu miaka michache baada ya uhuru mpaka miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea kuisha. Niliibeba kwenye malori ya samaki, kwenye mkokoteni, mara moja hata kwenye mtumbwi, na hiyo ya mtumbwi msijaribu.

Tulikuwa tunakaa Kaloleni, huku kwetu ziwani, mume wangu akibeba mizigo bandarini. Mimi nilifagia gereji ya Kalasinga mmoja mjini, tuliyemwita Fundi Harnam. Alikuwa na ndevu nyeupe na hasira fupi. Mbali na kutengeneza magari alikodisha spika, amplifaya na jenereta moja ndogo ya petroli yenye tangi jekundu. Ilikuwa ya kuvuta kwa kamba. Wanaume wawili wenye nguvu waliweza kuibeba, na watatu kama wamekunywa.

Na hapo ndipo mimi niliingia. Kila mwanaume aliyetumwa harusini na mashine alirudi amelewa, au mashine ilirudi bila yeye. Mmoja aliisahau uwanjani, tukaikuta imefungiwa mbuzi kama kigingi. Siku ile Fundi alirusha spana ukutani, akanigeukia mimi na ufagio wangu.

"Mama, wewe nakunywa?"

"Chai."

"Chai tu?"

"Na uji."

"Basi, tupa hiyo fagio. Kesho wewe nakwenda harusi."

Wanaume wa gereji walicheka mpaka wakashika magari. Nyar Uyoma, ndivyo walivyoniita, yaani binti wa Uyoma, Nyar Uyoma ataendesha mashine! Mmoja akaniuliza kama nitaifunga mgongoni kwa leso. Sikumjibu. Ukijibu kila mbwa anayebweka hufiki sokoni.

Fundi alinifundisha kwa Kiswahili chake ambacho mpaka leo nikikikumbuka natabasamu. Alinisimamisha mbele ya mashine akasema, "Hii jenereta iko kama ng'ombe. Huku nakula, huku nakunya. Wewe hapana weka kitanda nyuma ya ng'ombe." Huku kwa kula ni tangi na pale inapovuta hewa. Huku kwingine ni ekzosi, bomba la moshi. Halafu akanishika bega akasema jambo ambalo nililikariri bila kulielewa. "Moshi nyeusi, wewe naona, nakimbia. Iko moshi ingine hapana onekana, hapana nuka. Hiyo nakuja kama usingizi. Hiyo ndiyo mbaya."

Nilisema "ndiyo, Fundi". Watoto, kuna "ndiyo" ya kichwa na kuna "ndiyo" ya kutaka kwenda nyumbani. Yangu ilikuwa ya pili.

Mengine niliyaelewa upesi kwa sababu yaliuma. Petroli, kwa mfano. Katika harusi moja upande wa Ahero, tangi lilikuwa linakaribia kuwa tupu wakati bwana harusi anaingia. Nikasema nizime kwanza. Mjomba wake, mtu mwenye haraka na kofia nzuri, akaninyang'anya kopo. "Zima nini? Bwana harusi aingie kimyakimya kama mwizi?" Akamimina mashine ikiwa inanguruma. Tone moja likaangukia chuma cha moto, na moto ukamlamba uso. Tuliuzima kwa mchanga, na asante Mungu macho yalibaki. Nyusi hazikubaki. Kwenye picha zote za harusi ile mjomba ameshika paji la uso kama mtu anayefikiria sana. Kwa hivyo ukitaka kuongeza petroli, zima, kisha ungoje muda wa kunywa kikombe cha chai ya moto bila kuipuliza. Sigara ikae mbali, na kopo la petroli likae mbali kuliko sigara.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Unaiweka pahali palipo sawa, unapima oili kwa kile kijiti chake, unaifuta na kuipima tena. Unawasha ikiwa mikono mitupu, haijabeba kitu. Unaiacha ipumue mpaka mlio utulie, ndipo unaiunganishia amplifaya. Huwezi kumwamsha mtu na kumtwika gunia kabla hajanawa uso. Wakati wa kuzima unamtua gunia kwanza, ndipo unamlaza.

Halafu kuna kile chuma cha kupigilia ardhini, na waya wake kwenda kwenye mashine. Wengi walikiona ni cha kufungia mbuzi. Siku moja nilikuwa na haraka sikukipigilia, na nyasi zilikuwa na umande. Dada mmoja wa kwaya, asiye na viatu, akakisogelea kipaza sauti mpaka mdomo ukagusa. Alitoa sauti ambayo haikuwa kwenye wimbo. Mwalimu wa kwaya akamkazia macho kwanza, akidhani anajionyesha. Tangu siku hiyo nilikipigilia chuma kile penye unyevu, nikakimwagia maji, na nikagusa nyaya nikiwa na mikono mikavu na viatu vya mpira, hata jua likiwaka vipi.

Na upepo. Nyinyi wa siku hizi hamuujui upepo kwa sababu mnautafuta kwenye simu. Hapa kwetu asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka, unatoka ziwani kuja juu. Wavuvi wanaenda na huo wa kwanza, wanarudi na huo wa pili. Mimi mtoto wa ziwani nilijua hivyo tangu tumboni, lakini nilipopewa mashine nikasahau, kama vile elimu ya mashine na elimu ya mama yangu hazingeweza kukaa kichwa kimoja. Mhubiri mmoja alitukodi sokoni Kibuye. Saa tatu nikaweka jenereta upande wa ziwani, moshi ukaenda zake. Saa nane alikuwa amefika kwenye jehanamu, na upepo ukageuka. Moshi wote ukaja juu ya watu, wanakohoa, macho yanatoka machozi, wengine wanapiga magoti. Watu zaidi ya ishirini waliokoka siku ile. Mhubiri akanishukuru. Fundi aliposikia akasema, "Wewe naweka mashine kwa upepo ya saa nane, hapana ya saa tatu."

Haya ndiyo tunayacheka tukikutana sisi wazee, na nayakumbuka kwa raha. Nakumbuka harufu ya petroli kwenye leso yangu, kelele za watoto wakikimbia nyuma ya lori, na jinsi wanakijiji walivyonyamaza kidogo spika ilipokohoa mara ya kwanza. Lakini sikukaa mlangoni kwa yule kinyozi kwenye mvua kwa sababu ya nyusi za mjomba. Nilikaa pale kwa sababu ya Mama Awino, mwanamke ambaye hakunikosea kitu, na mimi karibu nimzike siku moja na mume wake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mazishini, upande wa Bondo karibu na ziwa. Marehemu aliitwa Okeyo, dereva wa lori la samaki. Dereva anajulikana kila pahali anapopiga honi, kwa hivyo watu walikuja kutoka kila upande, wakajaa boma mpaka nje ya ua wa minyaa. Ndiyo maana walikodi spika, ili walio mbali wasikie hotuba.

Alikuwa ameugua siku tatu tu. Na mtu akiugua siku tatu tu, mnajua midomo ya watu. Nilipokuwa navuta nyaya nilisikia wanawake wawili wakinong'ona kwamba mke wake ndiye aliyempikia chakula cha mwisho. Mke huyo, Mama Awino, alikuwa mdogo bado, ana watoto wawili. Alikuwa ameketi sakafuni nyumbani kwake na wanawake wengine watano, wakiimba taratibu. Na kwa desturi, mjane hawezi kuingia nyumba ya mtu mwingine kabla hajatakaswa. Nyumba yake ilikuwa hiyo moja tu. Likumbukeni hilo.

Mimi niliweka mashine nje ya ua, kwa upepo wa saa nane, kama nilivyofundishwa. Kosa la kwanza ni kwamba bati langu nililiacha mjini. Siku zote nilibeba bati moja na miti minne, nikaisimamishia mashine kibanda kisicho na kuta, mvua isiingie juu na moshi utoke pande zote. Siku hiyo anga lilikuwa safi, na lori lilikuwa limejaa.

Kosa la pili ni kwamba sikumwambia mtu yeyote wa boma lile kitu chochote kuhusu mashine.

Saa nane hivi mke wa Mzee Oloo, huyo mzee ni kaka mkubwa wa marehemu, akanishika mkono. "Mama wa mashine, utaondoka hapa bila kula? Unataka watu waseme nini juu yetu?" Sikuweza kukataa. Nikaingia jikoni kwake, upande wa pili wa boma. Akaniletea kuon, ugali wetu, na ngege mzima wa kuchemsha.

Nikiwa nusu ya samaki, mvua ikashuka. Mvua ya ziwani haibishi hodi. Nikainuka. "Mashine yangu!"

"Kaa chini," akasema. "Vijana wameshaishughulikia. Wameiweka pazuri, haipati hata tone."

Pazuri! Watoto, mtu akiwaambia kitu kimewekwa pazuri, ulizeni pazuri ni wapi. Mimi sikuuliza. Nikadhani ni chini ya turubai la wageni. Nikasikia mlio wake umekuwa mzito, kama unatokea ndani ya chungu. Sikio langu lilijua, lakini mdomo ulikuwa na kazi. Nikajiambia ni mvua juu ya mabati. Nikamalizia samaki. Nikanyonya na kichwa.

Ndipo ukapigwa ukemi. "Uuwi! Uuwi!" Msichana mmoja akaingia jikoni ameloa. "Mama, mapepo! Yamewashika wanawake nyumbani kwa marehemu! Mmoja ametapika, wengine wameanguka!"

Nikauliza swali moja tu. "Mashine iko wapi?"

"Si iko humo humo? Chumba cha nyuma."

Nilikimbia na mkono mchafu wa samaki. Na nataka mwelewe, vijana wale hawakuwa wajinga. Walifanya walivyofundishwa na mama zao. Mashine ilikuwa mgeni, imetoka mjini, na mgeni hanyeshewi nje watu wakimtazama. Waliizima, wakaibeba kwa heshima, wakaiingiza chumba cha nyuma, wakaiwasha tena ili mzee aliyekuwa anahutubia chini ya turubai asikatizwe. Dirisha dogo la chumba kile wakaliziba kwa gunia ili mvua isimpige mgeni. Kelele yake ikafunika nyimbo za wanawake, kwa hivyo nyimbo zilipokoma hakuna aliyesikia.

Mlangoni nilimkuta mwombaji mmoja wa kanisa, mwenye kanzu nyeupe, ameegemea mlango kwa mgongo, ameufunga. Alikuwa anaomba kwa sauti.

"Ondoka mlangoni!"

"Mama, usifungue! Pepo litatoka!"

"Litoke! Hilo ndilo nataka, litoke!"

"Litaingia watu wengine!"

Sikuwa na nafasi ya mahubiri. Nilimsukuma, akakaa kwenye dimbwi na kanzu yake. Nikafungua mlango, nikawapigia kelele wanaume wang'oe gunia dirishani. Mimi nikavuta pumzi nje, nikaifunga kifuani, nikakimbia mpaka chumba cha nyuma, nikazima, nikatoka. Kisha tukaingia kwa zamu, kila mmoja na pumzi ya nje, kuwavuta wale wanawake. Msidhani leso puani inasaidia, hata ikiwa imeloa. Haisaidii. Kijana mmoja aliyejifanya shujaa akakaa ndani kutafuta viatu vya shangazi yake tulimvuta na yeye kwa miguu.

Watano walikuwa wanapumua, wanalalamika kichwa, wanatapika. Mama Awino alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekaa ameegemea mlango wa chumba cha nyuma. Tukamlaza kwenye nyasi, mvua inampiga uso. Nikamwita. Nikampiga kofi, nikamwita kwa jina la mtoto wake, nikamwita kwa jina la mume wake, Mungu anisamehe. Niliweka sikio kifuani pake sikusikia kitu ila mvua. Halafu akakohoa. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama kikohozi kile.

"Mwingize kwako apate joto," nikamwambia mke wa Mzee Oloo.

Akarudi nyuma hatua. "Kwangu? Mjane? Yawa, Nyar Uyoma, unataka kunifungia nyumba?"

Mimi ni Mjaluo, nisingeweza kumlazimisha. Lakini ghala la nafaka si nyumba ya mtu. Lilikuwa limeinuliwa juu ya miti, na chini yake pakavu. Tukatandika mkeka hapo, tukamfunika. Wazee wawili kati ya wale wanawake hawakuwa wanatambua watu vizuri, tukawapeleka hospitali kwa lori la marehemu mwenyewe. Walipona. Mama Awino alikataa kumwacha mume wake kabla hajazikwa, na hilo msiige. Mtu aliyevuta hewa ile apelekwe kwa daktari, hata akiamka na kukuambia hana kitu.

Mvua ikakatika. Mngedhani mambo yameisha hapo. Kumbe ndipo yalianza.

Wazee walikusanyika katikati ya boma, jeneza likiwa chini ya turubai. Mzee Oloo alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa amefiwa na ndugu, na midomo ilikuwa imemfikia. Akasema, "Mmeona wenyewe. Wanawake sita. Na aliyekaribia kwenda ni nani? Mke wake. Marehemu amekuja kumchukua mtu wake."

Mwingine akadakia, "Marehemu hamshiki mtu bure. Kuna jambo."

"Aulizwe huyo mwanamke kabla hatujazika."

Nilikuwa nimesimama pembeni nakunja waya. Nikamtazama Mama Awino chini ya ghala, macho wazi, anasikia kila neno. Nilijua kinachofuata. Mwanamke akishasemwa hivyo kwenye mazishi, mbele ya watu wote wale, jioni hana nyumba, kesho hana watoto, na popote atakapoenda jina limeshatangulia.

Na hapo shetani wa kweli akaja, si yule wa mwombaji. Akaniambia, nyamaza. Kama ni marehemu aliyefanya, basi mashine haina kosa, na wewe huna kosa. Ukisema, watasema mashine ya yule mama inaua. Nani atakuita tena? Wanaume wa gereji watacheka mpaka waanguke. Utarudi kwenye ufagio.

Nilikunja ule waya mpaka ukaisha mikononi. Halafu nikasema.

"Mzee Oloo, marehemu umwache alale. Ni mashine yangu."

Wakageuka. Mzee akaniambia bila ukali, "Mama, pole kwa kazi. Lakini moshi tunaujua. Sisi wote tulizaliwa jikoni kwenye moshi wa kuni. Mama yangu amepika ndani ya moshi miaka sitini, na ndiye yule pale anakula sukari."

Watu wakacheka kidogo. Nikasema, "Moshi wa kuni una adabu, Mzee. Unakuuma macho, unakukohoza, unakufukuza. Huu wa jenereta haufukuzi. Unakuambia karibu, keti, lala. Niliambiwa na sikuwaambia vijana wako. Ningewaambia, wasingeiingiza mashine nyumbani."

"Na wewe ulikuwa wapi ilipoingizwa?"

"Nilikuwa nakula samaki."

"Samaki?"

"Ngege. Na nilimaliza."

Sasa walicheka kweli, na mimi nilisimama pale nikachekwa. Lakini yule mzee aliyedakia mwanzoni akasema kucheka si jibu, mama huyu anamtetea mwanamke mwenzake tu, shahidi wake yuko wapi?

Ni yule msichana aliyekuja jikoni ndiye aliyenisaidia, na hakujua. Alikuwa ametumwa kufagia matapishi. Akatoka ndani ameshika kuku kwa mabawa, analia. "Kuku wa Mama Awino amekufa. Alikuwa anaatamia chini ya kitanda."

Nikamchukua yule kuku. Alikuwa bado na joto la mayai. Nikamweka mbele ya Mzee Oloo. "Na huyu? Huyu naye alikuwa na kesi gani na marehemu?"

Mzee akamgeuza, akamtazama shingo, akampuliza manyoya kutafuta jeraha. Hakuona. Yule mama mzee wa sukari akasema kutoka kitini kwake, kwa sauti kavu, "Okeyo alimpenda kuku huyo kuliko alivyowapenda nyinyi."

Mzee Oloo akamlaza kuku chini. "Kuku hana kesi," akasema. "Ni mashine. Tuzike."

Na mashine ikakataliwa. Hakuna aliyetaka kuisikia tena. Mzee akasema hotuba zilizobaki zitatolewa kwa mdomo, na mimi nikashukuru kimoyomoyo. Aibu yangu ilikuwa imesikiwa na watu thelathini, na watu thelathini si wengi. Nilitaka kupakia vyombo niondoke kabla jeneza halijainuliwa.

"Nyar Uyoma."

Ni Mama Awino, chini ya ghala. Sauti ilikuwa kama karatasi. Nikainama kwake.

"Washa mashine yako."

"Mama, pumzika. Imekwisha. Wazee wamekubali."

"Wazee ni hawa wa hapa." Akainua kidole kuelekea ua. Kule nje ya minyaa, kwenye matope, umati wote uliokimbia mapepo ulikuwa umesimama vikundi vikundi, vichwa vimeinamiana. "Wale hawakukusikia. Wale wanaenda nyumbani na ile habari nyingine. Washa, useme tena."

Nikamtazama Mzee Oloo. Alikuwa amesikia. Akatazama chini, halafu akawaita vijana wawili. "Ibebeni. Mwulizeni mama pa kuiweka, na akisema hapo, ni hapo."

Niliwaonyesha mbali, uwanjani peupe, pasipo na ukuta wala kichaka. Nikapigilia chuma. Nikavuta kamba, ikakataa, nikavuta tena ikashika. Spika zikakohoa, na vichwa vya kule nje vikainuka.

Nilisema jina langu na jina la baba yangu. Nikasema mashine ni yangu mimi kuitunza, na mahali nilipokuwa, na nilichokuwa nakula wakati wanawake wale wanalala. Nikasema kwamba Mama Awino hana hatia yoyote juu ya jambo la leo. Nikasema kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva waliotoka mbali. Na ni kweli, baada ya siku ile upande ule wote hawakutuita kwa muda mrefu, na Fundi hakunisemesha wiki nzima.

Nilipomaliza niligeuka kumtazama. Mama Awino alikuwa ameinuka, ameketi, ameegemea mti wa ghala. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nje ya ua, kikundi baada ya kikundi, kuona nani amesikia. Kule mwisho kabisa, karibu na njia ya Bondo, palikuwa na watu ambao bado wameinamiana.

Akaninyooshea kidole kule.

Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni, nikaanza upya, kutoka jina langu.